Simbi ya Kulwa

Mwezi uliopita nilikuwa nachambua dagaa wa kuku wangu. Nafuga kuku wa mayai, na dagaa wa kuchanganya kwenye chakula chao nawanunua mwenyewe kwa sababu siamini macho ya mtu mwingine. Gunia lilikuwa na mchanga, kama kawaida ya wauzaji wetu, na ndani ya mchanga nikaokota konokono mdogo wa ziwani, gamba tupu, jepesi, rangi ya chai ya maziwa. Nikamweka kiganjani. Harufu ya dagaa ilikuwa imenijaa puani, na nikajikuta nina miaka minane tena, niko Kirumba, nimeshika sindano ya mama, natenda kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kutenda, na sina wasiwasi hata kidogo.

Niseme mapema kwamba kujiamini sikujifunzia ukubwani. Nilizaliwa nako. Darasani nilijibu maswali ambayo mwalimu hakuyauliza, na nikikosea nilikosea kwa sauti kubwa. Mama alikuwa akianika na kuuza dagaa Mwaloni, soko la ufukweni, baba alikuwa fundi mwashi, kutwa yuko Mkolani ambako watu walikuwa wameanza kukata viwanja na kujenga. Ninyi mliokua enzi zile za ruksa mnakumbuka: kila kona duka jipya, mitumba imetandazwa mpaka kwenye mitaro, malori ya wanunuzi kutoka Kenya na Zaire yamepanga foleni Mwaloni. Watu wazima walikuwa na haraka ambayo hawakuwa nayo zamani. Mtoto mwenye maswali aliambiwa subiri, na mimi sikuwa mtoto wa kusubiri, kwa hiyo majibu mengi nilijitengenezea mwenyewe.

Mwaka huo bibi, mama yake baba, alikuja kukaa kwetu wiki moja kutoka kijijini kwake karibu na Bujora. Alikuja kutibiwa jicho. Alirudi kutoka hospitali jicho moja limefungwa bandeji, na lile lingine tangu zamani halikuwa la kutegemewa, kwa hiyo alikuwa anaona kwa vidole. Alinishika uso kila asubuhi, paji, pua, kidevu, kisha akaitikia shikamoo yangu: "Marahaba, Doto. Umeamka na uso uleule."

Ndani ya kikapu chake, chini ya kanga, alikuwa na mkanda wa ngozi ulioshonewa simbi. Kama hamzijui, simbi ni magamba ya konokono mdogo sana wa baharini, meupe, yanang'aa kama kikombe, madogo kuliko ukucha wa dole gumba. Tumboni yana mdomo mwembamba wenye meno pande zote mbili. Bibi aliniambia zililetwa na babu zetu waliokwenda pwani kwa miguu wakiwa wachukuzi wa mizigo, wakarudi nazo zimefungwa kwenye pindo la nguo. Kwenye ukoo wetu mapacha ni jambo la kawaida, na kila mapacha walipozaliwa, simbi mbili zilishonwa kwenye mkanda ule, zikae pamoja. Kisha mkanda ulizungushwa kiunoni mwa watoto hao, na bibi akataja majina ya wote waliotangulia, jozi kwa jozi. Jumamosi ya wiki ile ulikuwa unahitajika tena, maana shangazi yangu kule kijijini alikuwa amejifungua mapacha wa kiume.

Jumatatu bibi aliutoa mkanda, akaanza kuupaka samli kwa kidole, simbi moja baada ya nyingine, akitaja majina. Alipofika mwisho akasema, "Na hawa ni ninyi. Huyu Kulwa, huyu Doto."

Jina la Kulwa lilitajwa kwa nadra sana nyumbani kwetu. Kila mtu anajua hakuna Doto asiye na Kulwa, na mimi pia nilijua kwamba nilizaliwa na mwenzangu wa kike aliyenitangulia kutoka. Lakini hakuna aliyeniambia amefariki. Sikuwahi kuonyeshwa kaburi. Sikuwahi kusikia mtu akimlilia, na misiba ya watu wengine nilikuwa nimeiona mingi, nikajua msiba unavyosikika. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshainuka, amechukua ndoo ambayo ilikuwa imejaa tayari, ametoka nayo nje. Nilidhani hapendi harufu ya samli.

"Bibi, kwani Kulwa yuko wapi?"

"Si huyu hapa?" bibi akasema, akiendelea kupaka.

Mtoto mwingine angeuliza swali la pili. Mimi sikuliuliza, kwa sababu nilikuwa na maarifa. Miezi michache nyuma, wakati wa kiangazi, nilikuwa nimembandua konokono kwenye ukuta wa choo chetu. Alikuwa mkavu, amejifunga mlango kwa utando mweupe, kila mtu akasema huyo amekufa. Nikamtumbukiza kwenye beseni la maji, nikakaa naye. Alichukua muda, lakini utando ulilainika, akatoa pembe moja, akatoa ya pili, akaondoka zake kana kwamba alikuwa amechelewa mahali. Nilitangaza habari hiyo mtaa mzima.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Simbi ni konokono. Konokono akikosa maji hujifunga akalala. Mimi na Kulwa tulikuja kila mmoja na simbi yake, mimi nikatoka, yeye akajifungia, na watu hawa wazima, kwa haraka zao, wakamshona kwenye ngozi na kumpaka samli miaka minane bila hata mmoja kufikiria kumpa maji. Niliwaonea huruma, kweli kabisa. Nikaamua Kulwa atakuwa ameamka kabla ya Jumamosi, na nikaona jinsi nitakavyoingia naye kwa shangazi tumeshikana mikono.

Jumatano mchana bibi alipolala, nilikata uzi kwa wembe. Nilihakikisha mara mbili kwamba ni simbi ya Kulwa na si yangu. Nilipoigeuza nikakuta ina tundu dogo mgongoni, tundu la uzi, nikafurahi maana nilijua ndiko anakopumulia. Nikaiweka kwenye beseni. Nilikumbuka kwamba imetoka baharini, na darasani tulikuwa tumefundishwa kuwa bahari ina chumvi, basi nikatia chumvi ya mama nusu pakiti, nikakoroga. Nikakaa. Nikaimba. Kulwa hakutoa hata pembe. Nikaona sababu upesi: nani angeamka kwenye beseni, mtu aliyezoea maji makubwa? Na maji makubwa sisi tulikuwa nayo, nyuma ya mabanda ya Mwaloni.

Jioni ile nilikata kipande cha wavu wa dagaa, nikatia simbi ndani pamoja na konzi ya chumvi, nikafunga kama wanavyofunga karanga. Ufukwe wote ulikuwa umejaa magugu maji. Yalikuwa yameingia ziwani miaka hiyo, na wavuvi walikuwa wanayalaani asubuhi na jioni kwa kuziba njia za mitumbwi. Sisi watoto tuliyapenda kwa maua yake ya zambarau. Niliingia mpaka magotini, nikachagua gugu nene kuliko yote, lenye ua, nikafunga kifurushi changu kwenye shina lake mafundo matatu, kikaning'inia majini. Nikamwambia Kulwa nitakuja asubuhi. Nikaweka jiwe jeupe ukingoni ili nisipotee njia, nikarudi nyumbani na njaa kali, nikala vizuri.

Hapo ndipo ujuzi wangu wote ulipoishia. Nilikuwa nimeona mihogo, nimeona mahindi, nimeona miti, na vyote vilikaa pale vilipopandwa. Nilijua kwamba kitu kinachoota hakiondoki. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba magugu yale hayakushika chini, kwamba yanaelea tu, na upepo wa usiku ukivuma kutoka nchi kavu unayabeba yote.

Alhamisi asubuhi jiwe langu lilikuwepo, na mbele yake ziwa lilikuwa tupu, safi, linametameta. Wavuvi walikuwa wanashangilia. Nilisimama pale na sare ya shule, nikatazama mbali, nikaona visiwa vya kijani vinakwenda taratibu, vitano, sita, vyote vina maua, na kwenye kimojawapo alikuwepo dada yangu. Sikulia. Nilishikwa na kitu kibaya kuliko kilio. Nikaenda shule, na siku hiyo mwalimu aliniuliza kama naumwa kwa sababu sikunyoosha mkono hata mara moja.

Mchana nilirudi kwa kupitia mikeka ya dagaa, nikaokota konokono wa ziwani anayelingana na simbi. Alikuwa wa kahawia, nikamsugua kwa majivu mpaka akapauka. Nikamshona mahali pa Kulwa kwa sindano ya mama, nikapaka samli nyingi. Kwa mbali ulikuwa hauoni tofauti. Nilijiambia bibi ana jicho moja bovu na jingine limefungwa. Nilisahau kabisa kuhusu vidole.

Ijumaa asubuhi bibi alikuwa anafungasha. Mama alikuwa mlangoni anafunga kilemba aende Mwaloni. Bibi aliupitisha mkanda vidoleni kama kawaida yake, jina, jina, jina, akafika mwisho, akasimama. Akarudi nyuma, akafika tena. Kisha nikasikia kitu kikivunjika, kidogo sana, kama ganda la karanga.

"Huyu ni mwepesi," bibi akasema. "Doto, njoo hapa. Huyu ni nani?"

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri tu, kuhusu panya. Nilipofungua mdomo ukatoka ukweli. "Nilimpeleka Kulwa majini aamke, bibi. Nilimfunga kwenye magugu. Magugu yakaondoka naye."

Nilingoja kofi. Mama alikuja, akanishika mkono, si kwa ukali, akaniuliza kwa sauti ambayo sikuijua, "Yameondoka kwenda wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, upande wa ziwa.

Tulishuka Mwaloni karibu tunakimbia. Masanja, mdogo wake mama, alikuwa anatoa maji kwenye mtumbwi wake baada ya kazi ya usiku. Mama hakumsalimia wala hakueleza. Alinyanyua gauni, akaingia mtumbwini, akanivuta na mimi.

"Dada, kuna nini?"

"Tupeleke kwenye magugu."

"Yapi? Magugu yako kila mahali."

"Yote," mama akasema.

Na kweli tulikwenda kwenye yote, au nusu yake. Masanja alipiga kasia, mama akainama ukingoni na kuvuta magugu kwa mikono miwili, anayapindua mizizi juu. Mizizi ilikuwa mirefu, myeusi, na ndani yake kulikuwa na konokono wadogo, mamia, wamejishika kama vifungo kwenye nguo. Nilichambua kwa vidole vyangu nikitafuta kipande cha wavu. Kila kahawia nilimtupa. Nilianza kuelewa kidogo kidogo, kadiri jua lilivyopanda, kwamba hakuna hata mmoja kati ya hawa aliye mtu, na kwamba huenda hata yule mweupe hakuwa. Lakini mama aliendelea, kanga imelowa mpaka kifuani, na sikuthubutu kumwambia.

Kisiwa cha nne kilikuwa kikubwa kuliko uwanja wa mpira. Mama alikitazama. Aliachia gugu alilokuwa ameshika, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa nguvu zake zote, "Kulwa! Kulwa ee! Mwanangu!" Kisha akakaa chini kwenye mtumbwi, miguu ndani ya maji machafu, akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake msibani, na sauti ilikwenda juu ya maji mpaka mitumbwi mingine ikageuka.

Masanja aliacha kasia. Uso wake ulikuwa umejaa hofu. "Dada, nyamaza! Mapacha hawaliliwi, unajua. Huyu aliyebaki yupo hapa, anakuona!"

Mama akajiziba mdomo kwa kanga, akanigeukia, na macho aliyonitazama nayo ndiyo yaliyonieleza kila kitu ambacho kwa miaka minane hakuna mtu aliyepata nafasi ya kunieleza. Kulwa alikuwa amekufa. Pacha mmoja akifa, kwa watu wetu, mama yake haruhusiwi kumlilia, kwa sababu ukimlilia aliyekwenda unamwita na aliyebaki amfuate. Mama hakuwa ametoa chozi kwa ajili ya mtoto wake, alikuwa akiinuka na ndoo zilizojaa, akitoka nje kila jina lilipotajwa, ili mimi niishi. Na sasa nilikuwa nimemfanya alie.

Siku nzima iliyobaki alinishika paji la uso. Hakwenda kazini. Nilikula uji anaangalia, nikaenda chooni akanisubiri nje. Baba alipotoka Mkolani alisimuliwa, akanipakata jioni ile ingawa nilikuwa mkubwa wa kutopakatwa. Bibi peke yake hakuniuliza kama naumwa. Alikaa kwenye kigoda chake, akatoa vipande vya konokono aliyevunjika, akaacha pale palipokuwa na Kulwa pakiwa wazi.

Jumamosi tulikuwa kijijini mapema. Wanawake walikuwa wamejaa uani kwa shangazi, wengi wao wakongwe, na wengi wao mama wa mapacha, maana ndio wanaoalikwa. Watoto wawili wa shangazi walikuwa wamelazwa kwenye kitenge kimoja, wekundu, wamekunja ngumi. Bibi aliushika mkanda. Akawaita mama wa mapacha wasogee karibu, na wote wakasogea isipokuwa mama yangu.

"Mama," mama akamwambia bibi, akiwa amesimama nyuma kabisa, amenishika mkono, "mimi sistahili kusogea. Jana nilimlilia Kulwa. Nililia kwa sauti, na Doto alikuwepo."

Mwanamke mmoja aliwavuta watoto wa shangazi karibu na mapaja yake. Bibi alipitisha vidole juu ya ngozi mpaka akapata simbi mbili karibu na ile nafasi tupu.

"Hizi za nani?"

"Za baba Doto na mwenzake."

Jozi hiyo nilikuwa nimeisikia ikitajwa wiki nzima, na mimi mwenye majibu yote sikuwa nimejiuliza hata mara moja mwenzake baba yuko wapi.

"Mwenzake alikufa wakati wa palizi," bibi akasema. "Wakaniambia nisilie, na mimi nyumbani sikulia. Nilikuwa nachukua jembe nakwenda kwenye mtama, ulikuwa umeshatosha kunificha nikiinama, nalilia humo. Nililia palizi yote. Watu wakawa wanasema mke wa fulani ana bidii ya shamba." Akageuza uso upande wa mama, ingawa sidhani kama alikuwa anamwona. "Sasa nieleze. Mume wako alikufa?"

"Hapana, mama."

"Si jana tu kamaliza sufuria ya ugali?"

Mtu akacheka, akajizuia. Kisha bikizee mmoja aliyekuwa karibu na jiko akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Mimi nilikuwa nalilia kisimani." Mwingine akasema, "Mimi jikoni. Nikasingizia moshi." Wa tatu hakutaja mahali, alitikisa kichwa tu na kujifuta pua kwa pindo la kanga. Walikuwa wanatazamana kama watu waliokutana njiani kila siku miaka mingi na leo ndiyo wanasalimiana.

"Lia, mwanangu," bibi akasema. "Umechelewa sana."

Mama aliniachia mkono. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani, akalia, na wale wakongwe wakaenda wakakaa naye, wamemzunguka. Mimi nilibaki nimesimama peke yangu katikati ya ua. Niliweka kiganja kifuani, nikasikiliza. Nilikuwa na hofu, nakiri, hofu ya kwanza ya kweli maishani mwangu. Nikangoja kidogo nione kama nitakufa. Nilipoona sifi, nikaenda nikamwomba shangazi uji.